Ng'ang'a, Nyumba Imejengwa

Ruiru, Jumapili

Ng'ang'a, wakini,

Sijui barua ya marehemu hutiwa posta ya wapi, na leo sina hamu ya kumuuliza mtu. Nina hasira. Mtu pekee aliyekuwa akinisikiliza nikiwa na hasira bila kuniambia nitulie ni wewe, nawe umelala Kalimoni, basi utanisikiliza huko huko uliko. Ni mimi Mbugua, wakini wako, wa rika lako, tuliopitia jando pamoja, tukasoma fizikia meza moja kule Kampala, tukarudi nyumbani na digrii zetu katika treni moja tukidhani nchi nzima inatungoja stesheni.

Nakuandikia nikiwa ndani ya nyumba. Ile nyumba. Imejengwa, Ng'ang'a.

Imejengwa kwa mawe ya Ndarugu. Ina vyumba vitatu, madirisha ya vioo, sakafu ya simiti nyekundu inayoteleza, na choo cha ndani chenye mnyororo wa kuvuta. Kila chumba kina balbu yake. Siku ya kwanza niliiwasha na kuizima ile ya chumbani, nikaiwasha tena, nikaizima tena, halafu nikakaa kitandani nikatukana. Nilitukana kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza chote tulichofundishwa, na lugha zote tatu hazikutosha.

Unakumbuka yule mwalimu wetu wa miwani minene, alivyotuketisha siku ya mwisho akatutajia kazi za mtu aliyesoma fizikia? Umeme. Simu. Redio. Hali ya hewa. Migodi. Picha za mifupa hospitalini. Alisema dunia nzima inaendeshwa na fizikia, nawe ukanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Wewe ulikuwa umeshachagua zamani. Tangu utotoni, tulipokuwa tukiteremka bondeni kusikiliza mashine za stesheni ya umeme zikinguruma ng'ambo ya seng'enge, ulikuwa ukisema siku moja utaingia mle ndani. Mimi nilikuwa nikisema twende nyumbani tukale.

Maskini mwalimu yule. Dunia aliyoisema haikuwa na Hali ya Hatari, wala haikuwa na pasi za kutembelea. Tulizunguka Nairobi wewe na mimi katika viatu vya kuazima, mkono ukikimbilia mfukoni kila tulipoona kofia ya askari. Watu wa hali ya hewa walisema wana nafasi moja, ya kusoma kopo la mvua kila asubuhi na kuandika limejaa kiasi gani. Ukawauliza ni nani anayechora ramani za upepo. Wakasema hiyo ni kazi ya bwana mmoja aliyetoka kwao, na bado hajachoka. Watu wa simu walitazama majina yetu, wakatazama pasi zetu, wakafunga faili. Mkikuyu akaribie waya za simu, wakati ule! Redio ndiyo hata si ya kusimulia. Ulipomwambia yule bwana kwamba unaweza kuunda mtambo wa kurushia matangazo kwa mikono yako miwili, nilikuvuta koti tuondoke, maana alikuwa tayari anachungulia kama askari yuko mlangoni. Hospitali nao walisema kazi ya kupiga picha za mifupa inataka kwanza mtu aende Uingereza akajifunze, na Uingereza huko ajipeleke mwenyewe.

Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, tena umewekewa jiwe usije ukajifunga. Ualimu.

Mimi niliingia. Sikuona haya na sioni haya hata leo. Vijana wangu kule Murang'a wanajua kwa nini fimbo huonekana imevunjika ndani ya maji, na wanajua kwa sababu mimi niliwaambia. Lakini nilichukia kwamba sikuchagua. Kwenda mahali kwa miguu yako ni jambo moja, na kusukumwa mpaka ukafika pale pale ni jambo jingine kabisa.

Wewe ulikataa. Tuligombana kwa hilo njia nzima kutoka Nairobi, mpaka watu kwenye basi wakageuka kututazama. Nilikuambia unajifanya wewe ni nani. Ukanijibu jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Mbugua, kama sisi wote tunasoma fizikia ili tukafundishe fizikia, ni nani ataifanya?"

Na nyumbani nako! Wazee wetu walijua digrii moja tu, ya udaktari. Baba yako mdogo alikuletea mguu wake uliovimba, akaupandisha juu ya kigoda mbele yako, akangoja. Ulipomwambia hujui magonjwa aliushusha polepole, akaenda akichechemea, akawaambia watu wa Kalimoni wote kwamba kule Kampala walikudanganya. Tulicheka sana siku ile. Sijacheka hivyo tena.

Kisha Kampuni ya umeme ikakuita.

Ilikuwa stesheni ile ile ya bondeni, chumba cha vipimo, kazi ya msaidizi wa injinia. Mezani walikuwa wazungu watatu. Walikuuliza habari za transfoma ukawachorea. Walikuuliza waya uliozikwa ardhini ukikatika mtu atajuaje umekatikia wapi bila kuchimba njia nzima, ukawaeleza mpaka yule mzee wao akasahau kiko chake kikazimika. Uliniambia ulikuwa umeshaanza kuliona koti lako likining'inia kwenye msumari wa ofisi yao. Ndipo mmoja wao, yule mwenye masharubu, akakuuliza: utalala wapi?

Ulidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kazi ile ilimtaka mtu akae pale pale stesheni, kwa kuwa mashine huharibika saa yoyote. Nyumba ya injinia ilikuwa ya Mzungu. Nyumba za mafundi zilikuwa za Wahindi. Laini za Waafrika zilikuwa chumba kimoja kimoja, na mtu mwenye digrii, walikuambia kwa upole mwingi, hawezi kuwekwa katika laini, si heshima. Basi nyumba yako haikuwapo. Na kwa sababu nyumba haikuwapo, kazi nayo haikuwapo. Ukawaambia utalala kwa mama yako Kalimoni na kuja kwa baiskeli. Wakasema usiku kuna kafyu, Mkikuyu haonekani barabarani. Ukawaambia utajijengea kibanda chako mwenyewe. Wakasema ardhi ni ya Kampuni. Wakakushukuru kwa kufika, wakakupa mkono, wote watatu.

Ulinihadithia haya katika kile kibanda cha chai karibu na stesheni ya Thika, ukicheka huku unajifuta macho. "Wakini," ukasema, "nimepita umeme, nimeanguka nyumba."

Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuambia uje Murang'a tufundishe wote. Ukakataa tena. Ukaenda kwenye kiwanda cha mananasi pale Thika, wakakupa ukarani wa mizani. Lori likiingia unalipima, likitoka unalipima. Ulisema umesomea uzito miaka yote ile, sasa acha uupime. Ukapanga chumba Majengo, chini ya mabati yaliyojaa matundu ya misumari. Hebu fikiria, Ng'ang'a. Kampuni ilikataa kukuweka katika chumba kimoja kwa sababu ya heshima yako. Ukaenda ukaishi katika chumba kimoja, na heshima ikabaki kwao.

Na wewe pia nina hasira nawe, tena nyingi. Barua yako ya mwisho ilikuwa kurasa nne. Uliniandikia jinsi mvua inavyopenya mabati, jinsi ulivyopanga sufuria chini, jinsi kila sufuria inavyotoa sauti yake kadiri inavyojaa, na jinsi ulivyokaa kitandani ukitafuta hesabu ya sauti hizo. Kurasa nne za matone! Halafu chini kabisa, karibu na jina lako, maneno machache: kikohozi kinanisumbua kidogo, lakini kina mpigo mzuri. Mpigo mzuri! Ni nani afanyaye mzaha na nimonia? Kwa nini hukuandika kwamba kifua kinakubana? Kwa nini hukuandika kwamba godoro limeloa? Ningekuja nikakubeba mgongoni kama gunia, utake usitake.

Niliposikia uko hospitali niliomba pasi ya kusafiri. Karani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, akasema nirudi kesho. Kesho yake akasema bwana ametoka. Siku iliyofuata akaniuliza, huyo mgonjwa ni ndugu yako wa tumbo moja? Nikasema ni wa rika moja. Akasema pasi si ya marika. Alikuwa Mkikuyu mwenzetu, alijua vizuri sana rika ni nini, na akanitazama usoni akasema hivyo. Nimesamehe watu wengi katika miaka hii mibaya. Huyo bado.

Pasi ilipopatikana hatimaye nikafika Kalimoni, kaburi lako lilikuwa linamaliziwa udongo. Chifu alikuwa anahutubia. Alisema Mungu humchukua amtakaye, kijana alikuwa na akili nyingi mno kwa dunia hii. Nilitaka kumwambia kwamba Mungu hakuwa mmoja wa wale watatu mezani. Nilifungua mdomo. Maitu akanishika kiwiko akakibana, nikaufunga.

Maitu, mama yako, namwita mama kwa sababu wewe na mimi ni rika, na kwa sababu mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, nikalishwa na mkono wa mama yako. Siku ile hakulia mbele za watu. Aliutazama msalaba. Mbao zilitolewa na kiwanda, na fundi wa kiwanda akaandika alichokijua: jina lako, na chini yake, kwa herufi kubwa nyeusi, KARANI. Akaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea jina, nikaishia hapo.

Basi sasa sikiliza yaliyokuja baadaye.

Upepo umegeuka. Wakubwa wa Nairobi wamewaambia wenye makampuni waanze kutafuta Waafrika wa kupandisha vyeo, tena upesi, ili waonekane. Kampuni ya umeme ikatafuta Mwafrika mwenye digrii ya fizikia. Mkuu wa shule yangu akaniita ofisini akiwa anatabasamu, akaniambia nimeitwa Ruiru. Nilijua ni stesheni gani kabla hajasema.

Unajua safari hii hawakuniuliza transfoma? Hawakuniuliza waya. Walinipeleka moja kwa moja kuiona nyumba. Yule mwenye masharubu ndiye Bwana Mkubwa wa stesheni siku hizi, masharubu yameingia mvi. Alitangulia na ufunguo, akawa ananifungulia milango mmoja mmoja, chumba cha kulala, chumba cha wageni, sebule, kana kwamba ananioza binti yake. Akavuta ule mnyororo wa choo nione maji yanavyoshuka. Nyumba imesimama nyuma ya mikaratusi, katikati ya nyumba za Wahindi na laini za Waafrika, mahali ambapo wewe ulifunga baiskeli siku uliyoitwa. Wameijenga kwa kipindi kifupi sana, Ng'ang'a. Wapimaji walikuja mvua zilipokwisha, na kabla mvua nyingine hazijaanza ikawa imeshaezekwa.

Akaniuliza kama najua kijana mwingine wa Kikuyu mwenye digrii kama yangu, kwa sababu huenda wakahitaji wawili. Nikamwambia yuko mmoja, Kalimoni, lakini hawezi kuja.

Sikuwapa jibu. Nilitaka kuwatupia kazi yao usoni, niirudie chaki yangu, nyumba ile ikae tupu ioze. Niliona hivyo ndivyo ungetaka. Kuingia mle niliona ni sawa na kuvaa suruali ya mtu ambaye hata arobaini yake haijafika. Lakini kitu kile si changu peke yangu kukikataa, kwa hivyo nikaenda Kalimoni, kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la mkonge, nikamkuta Maitu amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, nyumba na kazi na mnyororo.

Alipukuchua gunzi zima mpaka likaisha. Kisha akasema, "Kwa hivyo nyumba walikuwa wanaweza."

Ni hayo tu. Nimewahi kusoma vitabu vizima vya siasa, vile vya kusomwa kwa kujificha, na sijaona kilichosema zaidi ya hapo.

Nikamwambia basi siingii. Ndipo akanikasirikia mimi. Hujamwona akiwa vile, au labda umemwona, siku ulipofungua redio ya padri ikashindikana kufungwa. Alisimama, mahindi yakamwagika kutoka mapajani, akaniuliza: "Usipoingia wewe watamweka nani? Wataweka kuku?" Akasema mwanawe hakukosana na umeme, alikosana na watu, na watu hao watafurahi sana nikirudi Murang'a, kwa sababu watasema tuliwajengea wakakataa. Akasema nitaingia. Halafu akakaa tena, akaokota mahindi punje kwa punje, na sauti yake ikashuka. "Lakini moto ni wangu."

Unajua alichosema. Mimi nilikisahau, kwa kukaa sana katika nyumba za shule. Kwetu nyumba ya kijana haiwashwi kwa kiberiti. Moto wa kwanza hutoka mekoni kwa mama yake, unabebwa, unawekwa katikati ya nyumba mpya kwenye mafiga matatu, na mpaka hapo si nyumba, ni kuta tu. Maitu alikuwa na moto wa kumpa mwanawe na hakuwahi kupata pa kuupeleka. Chumba cha Majengo kilikuwa cha kupanga, hakihesabiki. Alikuwa akiutunza.

Jumamosi ya kuhamia alikuja. Alikuja kwa basi kutoka Thika, na kopo kuukuu la mafuta ya kupikia limefunikwa ndani ya kikapu, chini ya viazi vitamu. Ndani ya kopo mna majivu, ndani ya majivu mna makaa ya mekoni kwake, mekundu bado. Kondakta hakujua. Wewe ungesimama pale ukaeleza jinsi majivu yanavyolitunza joto, naye angekuambia unyamaze umshike kikapu. Mafiga aliyaokota mwenyewe kutoka mtoni, akayafuta kwa kitambaa.

Jiko la nyumba hii liko nje, uani, chumba kidogo chenye bomba la moshi. Nilimwonyesha. Alilitazama, akasema lile ni la kupikia. Akarudi ndani, akayapanga mawe katikati ya sebule, juu ya simiti nyekundu ya Kampuni, akapiga magoti, akamwaga makaa, akapuliza. Sikumzuia. Ningemzuiaje? Alipuliza mpaka moto ukashika kuni, akasema jina lako mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anavyokuita uje ule. Kisha akasema na langu. Akatia viazi majivuni.

Nyumba za mawe hazina pa kutolea moshi. Moshi ulipanda, ukalijaza dari jeupe, ukatafuta madirisha. Kwa nje lazima ilionekana tunaungua, maana nilisikia kengele ya stesheni ikigongwa na watu wakikimbia. Bwana Mkubwa aliingia kwanza, shati nje ya suruali, na nyuma yake bawabu wetu Wafula, mtu wa Kakamega, na ndoo ya maji mikononi.

"Nyumba mpya hii!" Bwana akapiga kelele. "Wewe natia moto kwa nyumba mpya! Wafula, mwaga maji!"

Wafula alimwona Maitu amepiga magoti. Aliona mafiga, akaona viazi. Akaiweka ndoo chini, akavua kofia. "Bwana," akasema, "hii si moto ya kuzima."

Hapo Bwana akakiacha Kiswahili chake cha jikoni, akanigeukia kwa Kiingereza. Aliniambia hakuyatarajia haya, mtu aliyesoma, mtu mwenye digrii ya fizikia, anawasha moto sakafuni kama watu wa porini. Maitu akaniuliza anasema nini. Nikamwambia ngoja, mama, namjibu.

Nilimwambia huu ni moto wa mwenye nyumba. Nilimwambia mwenye nyumba alikuja hapa kabla yangu, akakaa mbele ya meza yao, akajibu kila kitu, na wao wakamuuliza atalala wapi. Nilitaja jina lako lote, la ubatizo na la ukoo.

Akauliza, "Nani?"

Hakukumbuka, Ng'ang'a. Hakuwa anajifanya, ningejua. Alikunja uso akitafuta, akatafuta kweli, na hakukupata. Miaka yote hii nimemchukia mtu huyu nikidhani kwamba hata yeye, usiku, anakukumbuka kidogo. Wewe ulikuwa asubuhi moja tu kwake, kabla ya chakula cha mchana. Nimeandika hapa na kalamu imetoboa karatasi, utaniwia radhi.

Akaondoka akisema dari lipakwe chokaa, la sivyo nitafute nyumba nyingine na kazi nyingine. Jumatatu Wafula akatumwa kwangu na debe la chokaa na brashi mpya. Debe likakaa kibarazani wiki nzima. Kila jioni nilirudi kazini nikalipita. Kazini, acha nikuambie, ni kama ulivyosema. Chumba cha vipimo kina harufu ya mafuta ya transfoma na kila sindano kwenye kila saa ya kupimia umeme inatetemeka kidogo mashine zikizunguka. Kuna msumari wa koti nyuma ya mlango. Mimi koti langu naliweka kitini.

Jumapili iliyopita nililifunga debe kwenye baiskeli nikaenda nalo Kalimoni. Maitu alishika brashi kwanza, akanipa. Tuliupaka msalaba wako, mbele na nyuma, na yale mawe yanayozunguka. Nikalipaka lile neno KARANI mara ya kwanza likaonekana bado, nikalipaka tena likafifia, mara ya tatu likaisha. Jina lako nimelizunguka kwa uangalifu, halijaguswa. Chokaa yote ya Kampuni imeishia hapo.

Bwana Mkubwa akaja kukagua. Akasimama sebuleni akatazama juu, pale penye masizi, duara kubwa jeusi juu ya mahali pa mafiga. Akauliza chokaa iko wapi. Nikamwambia iko Kalimoni, juu ya kaburi la mtu uliyempa mkono. Akaniomba nilitaje jina tena. Nikalitaja. Akajaribu kulisema, likamshinda mwanzoni kabisa, unajua linavyowashinda. Akatoka. Nimepata barua ya onyo. Sijafukuzwa, bado. Sijui kama aliona haya au ni kwamba hana mwingine. Mimi nadhani hana mwingine. Hiyo ndiyo faida pekee waliyotuachia, kuwa wachache.

Lakini hatutakuwa wachache sana. Ndiyo maana nakuandikia leo. Mwezi ujao wanakuja kuomba kazi vijana wawili kutoka Kampala na digrii za fizikia, mmoja wa Nyeri, mwingine wa huko kwa kina Wafula. Kampuni inataka ionekane na Mwafrika upande wake wa meza, kwa hivyo nitakaa na wale wazungu watatu. Kiti cha nne. Na nimeshawasikia wakianza, jana, kwenye korido, wakisema kwa upole ule ule: vijana ni wazuri, lakini nyumba ya Mwafrika ni moja, na tayari ina mtu.

Lala, wakini. Hasira haijaisha na sitaki iishe, nitaihitaji mwezi ujao. Mama yako nitamwangalia, mahindi yake nitayapukuchua, na masizi yale hayatapakwa rangi nikiwa hai ndani ya nyumba hii. Na nakuahidi hili: vijana wale watajibu maswali ya umeme, kila mmoja kwa akili yake. Likija lile swali jingine, hawatalijibu wao. Nitalijibu mimi kabla hawajageuza shingo. Watalala kwa Ng'ang'a. Vyumba ni vitatu, na moto umeshawashwa.

Wako wa rika,
Mbugua